Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Hata Uwanjani?

Waswahili wana methali isemayo, "Mcheza kwao hutunzwa." Wengine huitamka "hutuzwa," na wanachama wa chama chetu wanaweza kubishana hadi jogoo awike kuhusu lipi ndilo sahihi. Methali yenyewe ilitoka kwenye ngoma. Mchezaji akiingia uwanjani na kuzungusha kiuno au bakora yake vilivyo, jamaa zake humwendea wakamtuza: huyu shilingi mkononi, yule noti kwenye kilemba, shangazi naye leso mabegani. Mgeni akija akacheza ngoma iyo hiyo kwa ustadi uo huo, huenda akaondoka na makofi tu, maana hakuna anayemjua.

Basi hebu tuitoe methali hii kwenye ngoma tuipeleke kwenye kandanda, tuone kama itasimama. Mchezaji hodari wa mpira hutuzwa na watu wa kwao? Ukiketi barazani jioni Malindi, Kilifi au Mtwapa, jibu utalisikia mwenyewe. Vijana wanaweza kukutajia kikosi kizima cha Arsenal pamoja na wa akiba, lakini ukiwauliza beki wa kulia wa Bandari ni nani, wanatazamana. Na yule Mkenya aliyefika mbali akirudi kuvalia jezi ya taifa, huwa wa kwanza kulaumiwa. "Huyu naye bure! Kule Ulaya anacheza, hapa anatembea."

Katika makala haya nitajaribu kueleza kwa nini mambo huwa hivi. Hoja yangu ni moja: mashabiki wa nyumbani huwa wa mwisho kumjua mchezaji wao kwa sababu wanautazama mpira wala hawamtazami yeye. Na asiyejulikana hawezi kutunzwa. Sababu ni kadhaa, na nitazichukua moja baada ya nyingine.

Sababu ya kwanza ni jicho. Jicho la mtazamaji hufuata mpira kama paka afuatavyo samaki. Wazee wetu wanaukumbuka msemo uliotoka redioni ukaenea Kenya nzima: "Kadenge na mpira!" Joe Kadenge, aliyeaga dunia tarehe 7 Julai 2019, alikuwa fundi kwelikweli, na sifa zake ni haki yake. Lakini msemo huo unatufundisha jambo. Mtangazaji humtaja aliye na mpira. Je, aliyempa Kadenge mpira ni nani? Na Kadenge akinyang'anywa, ni nani aliyekimbia kwenda kuurudisha? Hao redio haikuwa na nafasi ya kuwataja.

Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Mchezo una dakika 90 na wachezaji 22. Hata kama mpira usingetoka nje hata mara moja, na wachezaji wote wakagawana sawasawa, kila mmoja angekuwa nao kwa dakika nne na kidogo. Dakika 85 zilizobaki anacheza bila mpira. Anaziba pengo, anamfuata mpinzani, anawapanga wenzake, anakimbia mahali ili beki wa upande wa pili amfuate na nafasi ipatikane kwa mwingine. Sisi tulio pembeni twamhukumu kwa zile dakika nne tu, kisha twajiita wajuzi wa boli.

Mfano ulio wazi ni wa Victor Wanyama. Kijana huyu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1991 alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, alipojiunga na Southampton mwaka 2013. Kabla ya hapo alikuwa Celtic ya Uskoti. Tarehe 7 Novemba 2012 Celtic iliwashinda Barcelona 2-1 katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, na bao la kwanza alilifunga yeye kwa kichwa. Baadaye akaenda Tottenham, na mnamo Februari 2018 akapiga kombora katika uwanja wa Anfield wa Liverpool ambalo hata waliofungwa walishika vichwa.

Haya ndiyo tunayoyakumbuka: mabao mawili. Lakini Wanyama hakununuliwa kwa sababu ya mabao. Alikuwa kiungo mkabaji. Kazi ya kiungo mkabaji ni kusimama mbele ya mabeki kama mlinzi wa zamu: kuvunja mashambulizi kabla hayajafika langoni, kuunyakua mpira, kisha kumpa aliye karibu bila mbwembwe. Akiifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakishangiliwi. Ni kama mtu wa kuziba mashua: siku anayoifanya kazi yake barabara, abiria hawamjui kabisa. Watamtafuta siku maji yatakapoingia.

Alipokuja kuichezea Harambee Stars, ambayo aliiongoza kama nahodha tangu 2013, mashabiki wengi walitaka wamwone akipiga chenga watu watano na kufunga. Hawakumwona akifanya hivyo, wakasema hajitolei. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka 2019, Kenya ilifungwa 2-0 na Aljeria, ikaishinda Tanzania 3-2, kisha ikafungwa 3-0 na Senegal na kurudi nyumbani. Barazani maneno yalikuwa yale yale: "Wanyama alifanya nini?" Wachache walikumbuka kwamba Aljeria na Senegal hizo ndizo zilizokutana tena katika fainali yenyewe. Mwezi wa Septemba 2021 Wanyama akatangaza kwamba ameacha kuichezea timu ya taifa. Hapo ndipo watu walipoanza kuuliza ni nani atakayeziba pale katikati. Mashua ilikuwa imeanza kuingia maji.

Sababu ya pili ni kwamba timu ikishindwa, mwenye jina kubwa ndiye hubebeshwa mzigo. Katika ngoma mtu hucheza peke yake, akikosea amekosea yeye. Mpira ni wa watu kumi na mmoja, na pamoja nao kuna kocha, chama cha mpira, viwanja, nauli na chakula. Hayo yote hayavai jezi, kwa hiyo hayazomewi. Anayezomewa ni yule ambaye jina lake tunalijua.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Majirani zetu wa Tanzania wanaye Mbwana Samatta, kijana wa Dar es Salaam. Aliondoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, na mwaka 2015 akaisaidia kutwaa Ligi ya Mabingwa wa Afrika, akifunga pia katika mechi ya mwisho. Januari 2016 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani humu. Akaenda Genk ya Ubelgiji, wakawa mabingwa wa ligi mwaka 2019. Tarehe 1 Machi 2020, akiwa na Aston Villa, alifunga kwa kichwa dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza pale Wembley. Mtanzania gani mwingine aliwahi kufika hapo? Hata hivyo, kila Taifa Stars ilipokosa bao, lawama zilimwendea yeye. Mshambulizi hupika kwa kuni anazoletewa. Genk alikuwa akiletewa krosi mchezo mzima; kwenye timu ya taifa siku nyingine alingoja nusu saa kupata pasi moja ya maana.

Hata Lionel Messi yalimkuta. Kwa miaka mingi Waajentina wengi walisema yeye ni wa Barcelona, si wao, na ati hata wimbo wa taifa haimbi. Mwaka 2016, baada ya kukosa penalti yake katika fainali ya Copa América dhidi ya Chile, alitangaza kwamba timu ya taifa basi. Akabadili nia. Mwaka 2021 Ajentina ikatwaa kombe hilo kwa kuifunga Brazili nyumbani kwake, na mwaka 2022 ikatwaa Kombe la Dunia. Leo ukimsema vibaya Messi huko Buenos Aires sijui utapitia mlango gani. Mtu ni yule yule na mguu wa kushoto ni ule ule. Kilichobadilika ni timu iliyomzunguka, na matokeo.

Wakati mwingine mambo huwa kinyume kabisa: taifa ndilo humwangusha mchezaji. McDonald Mariga, kaka yake Wanyama, alikuwa karibu kujiunga na Manchester City mnamo Januari 2010. Klabu zilikuwa zimekubaliana. Mpango ukavunjika kwa sababu ya kibali cha kazi: sheria ya Uingereza ilitaka mchezaji atoke katika nchi iliyo juu kwenye orodha ya FIFA, na Kenya ilikuwa chini mno. Yaani kijana alikuwa tayari, nchi yake haikuwa tayari. Kwa bahati njema Inter Milan wakamchukua. Tarehe 28 Aprili 2010, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Barcelona, Inter wakiwa kumi uwanjani na wakihitaji kuvumilia, kocha José Mourinho alimtoa Samuel Eto'o dakika za mwisho akamwingiza Mariga. Inter wakapita, na mwezi uliofuata wakatwaa kombe Mariga akiwa kwenye benchi. Mkenya ana medali hiyo ya Ulaya! Na bado utamsikia mtu akisema, "Alikuwa wa kukaa benchi tu." Sawa, benchi. Lakini benchi la nani? Kocha yule angeweza kumwingiza mwingine yeyote pale Barcelona, moto ukiwaka, akamchagua kijana wa Nairobi.

Sababu ya tatu ni ukaribu. Mtu uliyekua naye, uliyemwona akipeperusha tiara na kuiba maembe, ni vigumu kuamini kwamba amekuwa mkubwa. Mgeni huja na sifa tupu. Wa nyumbani huja na sifa pamoja na maembe aliyoiba. Ndiyo maana mara nyingine ugenini ndiko wanakomwona mtu sawasawa. James Siang'a alikuwa kipa wa Harambee Stars katika miaka ya 1970, kisha akawa kocha. Mwaka 2003 aliiongoza Simba ya Dar es Salaam kuwatoa Zamalek ya Misri, waliokuwa wakishikilia ubingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti Cairo kwenyewe. Mpaka leo mashabiki wa Simba wanalitaja jina lake kwa heshima. Siang'a alifariki mwaka 2016. Sasa jiulize, shuleni kwetu ni wangapi waliowahi kulisikia jina hilo?

Wanyama naye alipata heshima ya ajabu kwa majirani. Mwaka 2017, akiwa mapumzikoni Dar es Salaam, alikuta barabara moja ya Ubungo imepewa jina lake, na kibao kikasimamishwa. Kweli, kibao hakikukaa. Wakubwa wa serikali hawakuridhika nacho na kiling'olewa upesi. Lakini angalau kuna watu waliofikiri kukisimamisha, na watu hao hawakuwa wa kwao.

Sasa turudi Pwani yetu, maana huku ndiko jambo hili linakotuuma zaidi. Hapa inaingia sababu ya nne: hatuandiki. Asiyeandikwa husahauliwa, na aliyesahauliwa hawezi kutuzwa hata kama watu wana nia njema.

Je, wajua kwamba bingwa wa ligi ya taifa ya Kenya mwaka 1965 alikuwa timu ya Pwani? Timu hiyo ni Feisal ya Mombasa. Tangu mwaka huo ubingwa wa ligi haujarudi Pwani hata mara moja. Vijana wa Mombasa kama Ahmed Breik na Ali Kajo waliivaa jezi ya taifa enzi hizo. Waulize wazee wanaocheza bao mjini watakusimulia chenga zao hadi chai ipoe. Lakini simulizi hizo zimo vichwani tu. Mzee mmoja akienda, nusu ya ligi imeenda naye. Kijana wa leo anayetaka kujua mtu wa kwao alicheza vipi hana pa kusoma, ilhali wachezaji wa Uingereza wa mwaka huo huo anawapata kwenye simu yake pamoja na picha.

Na tusidhani haya ni ya kale. Bandari, timu ya bandari yetu ya Mombasa, ilimaliza ya pili katika ligi mwaka 2018, na ikawa ya pili tena msimu wa 2018/19, mara zote nyuma ya Gor Mahia. Mwaka 2019 ilitwaa kombe la ngao kwa kuifunga Kariobangi Sharks 3-1, chini ya kocha Bernard Mwalala, aliyewahi kuwa mshambulizi wa Yanga. Kwa ushindi huo ikaingia Kombe la Shirikisho la Afrika, ikawatoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikawatoa Ben Guerdane ya Tunisia, kisha ikasimamishwa na Horoya ya Guinea. Timu ya Pwani ikiwatoa Waarabu wa Tunisia! Lakini mechi yake ya nyumbani dhidi ya Watunisia ilichezwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita mia tano kutoka baharini, kwa kuwa Pwani haikuwa na uwanja wa kufaa mechi za Afrika. Uwanja wa Manispaa wa Mombasa ulikuwa umebomolewa ili ujengwe upya.

Hapo methali yetu inapata pigo kubwa. Inasema mcheza kwao hutunzwa, na hawa hawakupewa hata hapo kwao pa kuchezea. Shabiki wa Kilifi aliyetaka kuwashangilia alihitaji nauli ya basi na siku mbili. Kipa wao, Farouk Shikalo, alikwenda Yanga mwaka huo huo, na pengine watu wengi zaidi walilijua jina lake Dar es Salaam kuliko Mombasa.

Wapo wengine wanaotuzwa kidogo zaidi hata kuliko hao, nao ni wasichana. Tangu mwaka 2001 shirika la Moving the Goalposts limekuwa hapa Kilifi likiwapa wasichana nafasi ya kucheza mpira, na wengi wamepita humo. Bado kuna wazee wanaouliza, "Mtoto wa kike na boli, wapi na wapi?" Kenya ilipofika kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, kule Kameruni mwaka 2016, mmoja wa washambulizi wake alikuwa Esse Mbeyu Akida. Mbeyu ni jina la Kimijikenda. Halihitaji kutafsiriwa huku kwetu. Akida alikwenda kusakata mpira Israeli, kisha Beşiktaş ya Uturuki, kisha PAOK ya Ugiriki. Wavulana wanaojua majina ya mbwa wa wachezaji wa Uingereza hawalijui jina hili. Kwa msichana anayecheza jioni baada ya kuteka maji na kupika, ni tofauti kubwa kujua kwamba mwenye jina kama la nyanyake alifika Ugiriki kwa miguu yake. Akikosa kulijua, siku moja ataviweka viatu chini, na hatutajua tumepoteza nini.

Msomaji anaweza kuniuliza: kwani shabiki hana haki ya kulaumu? Anayo, tena kamili. Amelipa kiingilio, amesimama juani, na moyo wake umepanda na kushuka. Mchezaji mvivu aambiwe ni mvivu. Mchezaji anayekuja kambini akiwa amelewa sifa aambiwe. Kumsifu mtu kwa sababu tu ni wa kwetu nako ni kumharibu, kama mama anayemwambia mtoto ameimba vizuri ilhali majirani wamefunga madirisha. Ninachosema ni kwamba lawama iwe na ushahidi kama ile ya mahakamani. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Na tusiseme kwamba mashabiki wa nyumbani hawawezi. Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja michuano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Harambee Stars haikuwa na mtu hata mmoja wa Ulaya. Iliifunga Kongo 1-0, ikaifunga Moroko 1-0 ikiwa na wachezaji kumi baada ya mmoja kupewa kadi nyekundu, ikafika robo fainali, ikatolewa na Madagaska kwa penalti tu. Kasarani ilijaa, na majina kama Ryan Ogam na Austin Odhiambo yakawa midomoni mwa watoto hadi huku Gede. Wachezaji hao hawakushuka kutoka mbinguni mwezi huo. Walikuwa wakicheza kila wiki katika ligi yetu, mbele ya viti vitupu. Waliozaliwa upya mwezi ule walikuwa watazamaji.

Basi tufanyeje sisi wa shule? Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi.

La kwanza, tujifunze kumtazama mtu mmoja. Siku timu yetu ya shule inapocheza, au siku kuna mechi katika uwanja wa Alaskan Malindi au wa Karisa Maitha hapa Kilifi, wawili wenu mchague mchezaji mmoja ambaye si mfungaji. Beki wa kati ni mzuri kwa zoezi hili. Chukueni daftari mpige mistari: mipira aliyonyang'anya, pasi zilizofika, pasi zilizopotea, mara alizokimbia kuziba pengo la mwenzake, mara alizowaita na kuwapanga wengine. Mmoja atazame, mwingine aandike, na kipindi cha pili mbadilishane. Mchezo ukiisha, linganisheni daftari na makelele mliyoyasikia pembeni. Mtaona maajabu. Aliyeitwa "gogo" huenda ndiye aliyezuia mabao matatu.

La pili, tutofautishe kati ya mchezaji na timu. Kabla ya kusema "fulani bure," jiulize: alipewa mipira mingapi? Alichezeshwa nafasi yake? Wenzake walikuwa wamefanya mazoezi pamoja kwa siku ngapi? Ukijibu maswali hayo na bado ukaona fulani bure, basi sema, hakuna atakayekuzuia.

La tatu, na hili ni la chama chetu cha Kiswahili hasa, tuandike. Lugha tunayo, kalamu tunazo, na wazee wapo bado. Katika kila mtaa, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, kutoka Kaloleni hadi Watamu, kuna mtu aliyekuwa moto wa kuotea mbali katika siku zake. Huenda sasa anauza samaki, anaendesha bodaboda au ni mwalimu. Muulizeni: alichezea timu gani, mwaka gani, nafasi gani, walicheza na nani, mechi gani hawezi kuisahau. Yale mawili yanayopingana yaandikeni yote mawili, kisha mtafute mzee wa tatu. Mwalimu wa historia atawasaidia kupima lipi ni la kweli na lipi limetiwa chumvi, maana chumvi haikosi.

Neno "kutunza" lina maana mbili, na ndiyo maana naipenda methali hii kwa matamshi ya "hutunzwa." Kutunza ni kumpa mtu zawadi, kama noti ile ya ngomani. Kutunza pia ni kuangalia kitu kisiharibike wala kisipotee. Zawadi ya kwanza huenda hatuwezi kuitoa, kwa kuwa mifuko ya wanafunzi inajulikana. Ya pili tunaiweza. Kila mwanachama akileta jina la mchezaji mmoja wa mtaani kwao, la mwanamume au la mwanamke, likiwa na timu yake, miaka yake na ushahidi wa watu wawili, toleo la mwaka ujao la jarida hili litakuwa na kurasa ambazo hazipo mahali pengine popote. Majina yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya muhula wa pili kufungwa. Yaandikwe kwa hati inayosomeka, tafadhali.